Fundi wa AC anayepima kabla ya kugusa gesi

Nyumba yetu ya wageni iko Kiponda, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, vyumba tisa, AC tisa, na mimi ndiye ninayezisimamia tangu mama alipochoka na ngazi. Fundi ninayemwandikia hapa amezikagua zote mwaka huu. Majirani wananiuliza habari zake kila tukikutana sokoni Darajani, na naona watu wengi hapa mjini wanalipia dawa ya maradhi ambayo mashine zao hazina. Jina lake siliweki. Hana duka wala bango, anatoka pande za Mwanakwerekwe na kijana mmoja wa kumsaidia, na mwenyewe kanambia kazi aliyonayo inamtosha. Lakini namna anavyofanya kazi naweza kuieleza, na mwenye kusoma atajua amdai nini fundi wake.

Nimeridhika naye, na nitamwita tena. Anatoza shilingi 40,000 kwa kila AC, na hiyo ni ya kuikagua tu, matengenezo mbali. Wengi wanaikataa bei hiyo pale pale, kwa kuwa tumezoea fundi anayekagua bure. Anakuja, anashika bomba kwa mkono, anasema gesi imepungua, anajaza, analipwa, anaondoka. Chumba kinapoa wiki mbili tatu, kisha mgeni anashuka chini usiku na ufunguo mkononi.

Gesi ya AC hailiki. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: upande wa chumbani inachemka na kubeba joto, upande wa nje inabanwa na kulitoa, kisha inarudi. Mashine iliyotoka kiwandani na gramu 850 inatakiwa iwe na gramu 850 hata baada ya miaka 10. Ikipungua, pana pahala inavuja, na kujaza bila kupatafuta pahala hapo ni kununua gesi ya kuupa upepo. Haya fundi huyu alinieleza siku ya kwanza, amesimama barazani, kabla hajafungua hata mkoba wake.

Chumba kilichonifanya nimtafute ni cha juu kabisa, karibu na paa. AC yake ilikuwa ikifanya barafu kwenye bomba. Mafundi wawili kwa nyakati tofauti walishaijaza gesi, na barafu ikarudi. Huyu wa tatu aliomba tufunge madirisha na mlango, tuiwashe kwenye baridi ya mwisho na feni ya juu kabisa, kisha tuiache robo saa bila ya kuigusa. Alipopanda akaweka vipimajoto viwili, kimoja juu ya mashine hewa inapoingia, kingine mdomoni inapotoka. Inayoingia nyuzi 27. Inayotoka nyuzi 8.

Msichana wetu wa usafi akashangaa. "Mbona inapoa vizuri hivyo?"

Fundi akachana ukanda mwembamba wa karatasi laini, akauweka mbele ya mdomo wa mashine. Ulicheza kidogo tu, kisha ukatulia. "Bi Mkubwa," akanambia, "baridi ipo. Hewa ndiyo haipo. Hii haifiki hata kitandani."

Ndipo alipofunga geji ya kupima shinikizo la gesi, na pamoja na geji akabana kipimajoto kwenye bomba nene linalorudi kwa kompresa, ile pampu ya nje inayoibana gesi. Hapa pana jambo ambalo kila mwenye AC anafaa kulijua, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Geji ilisoma 88, kwa kipimo cha shinikizo cha psi. Kwa gesi ya R410A, ambayo ndiyo iliyomo humo, shinikizo hilo maana yake gesi inachemka kwenye nyuzi kama 4 chini ya sifuri. Bomba lenyewe lilikuwa nyuzi 2 chini ya sifuri. Tofauti ya joto la bomba na joto la kuchemkia ni nyuzi 2 tu, na tofauti hiyo ndiyo anayoitafuta. Gesi ikiwa imepungua kweli, ile kidogo iliyobaki inachemka yote mapema, halafu inaendelea kupata joto njiani, na tofauti inafika 15 au 20. Hewa ikiwa haipiti, gesi inakosa joto la kuichemsha, inarudi kwenye kompresa ingali na majimaji ndani yake, na tofauti inakuwa ndogo kama ile. Majimaji hayo ndiyo yanayoua kompresa. Katika hali zote mbili geji inasoma chini, na katika hali zote mbili barafu inaweza kutokea. Fundi mwenye geji bila ya kipimajoto hawezi kuzitenganisha, hata awe na uzoefu wa miaka mingapi.

Akafungua mashine ya ndani. Filta ilikuwa safi, maana tunaziosha kila wiki. Lakini nyuma ya filta, na nyuma ya zile sahani nyembamba za aluminiamu, kuna feni ndefu ya duara inayosukuma hewa, na hiyo haioshwi na mtu. Alinimulikia kwa simu nione. Mapengo ya katikati ya mabawa yake yote yalikuwa yameziba, vumbi na ukungu vimegandamana na unyevu, vyeusi, vinakatika vipande vipande ukivigusa kwa bisibisi. Waliichomoa nzima, wakaishusha uani, wakaisugua kwa brashi na sabuni hadi alasiri. Msaidizi wake, kijana mpole sana, aliomba mswaki mkuukuu kwa ajili ya pembe ambazo brashi haifiki.

Iliporudishwa, barafu haikuonekana tena. Lakini sasa geji ikapanda zaidi ya 150, na mita ya kubana waya ikaonesha ampea 6.6, wakati kibandiko cha mashine kinasema 5.1. Fundi mwengine angefunga mkoba hapo, kwa sababu chumba kilikuwa kinapoa. Yeye akasema mashine hii imeshiba kupita kiasi. Akaleta mtungi mtupu na mzani, akaivuta gesi yote, akanita nisome mwenyewe: gramu 1,140. Kibandiko kinasema 850. Mashine iliyoambiwa mara mbili kuwa imepungukiwa na gesi ilikuwa na gramu 290 za ziada, na risiti zake ninazo.

Aliyoyafanya baadaye nayaeleza kwa haraka. Alivuta hewa na unyevu kwa pampu, akasubiri kuona kama geji inapanda yenyewe, haikupanda, maana yake hapavuji. Kisha akarudisha gramu 850 kwa mzani, mtungi ameupindua kichwa chini, kwa sababu R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, R32 na R125, nusu kwa nusu, na inatakiwa iingie ikiwa maji ili mchanganyiko usiharibike. Gesi iliyozidi haikumwagwa hewani. Imeondoka kwenye mtungi wake. Vipimo vya mwisho: geji 122, bomba nyuzi 12, hewa inayoingia 26, inayotoka 15, ampea 5.0. Ukanda wa karatasi ulikuwa unapepea.

Vyumba viwili vya nyuma vilikuwa na kisa tofauti, na kisa hicho ni cha nyumba zetu za Mji Mkongwe khasa. AC zilikuwa zinafanya kazi asubuhi, mchana zinakata, jioni zinarudi zenyewe. Kwenye moja tulishauziwa sakiti mpya, ule ubao wa umeme unaoiendesha AC, na rimoti mpya. Fundi huyu hakwenda chumbani kabisa. Alishuka kwenye kile kiua chembamba cha ndani ambacho wazee walikiacha kwa ajili ya mwanga na hewa, ambako mashine za nje zimepangwa tatu zinatazamana na ukuta. Akaning'iniza kipimajoto nyuma ya mashine, pale inapovuta hewa, akanituma nikaweke kingine kichochoroni. Kichochoroni kivulini palikuwa nyuzi 31. Kiuani, hewa ambayo mashine inaivuta ili ijipoze, nyuzi 43. Kila mashine inatoa joto, kuta nene za mawe na chokaa zinalizuia lisitoke, na mwenzake analivuta tena. Mchana joto likizidi, kompresa inajizima yenyewe kwa kinga yake ya ndani, ikishapoa inawaka. Sakiti haikuwa na kosa lolote.

Dawa yake haikuwa rahisi. Mji wetu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na huwezi kutundika mashine ya nje kwenye uso wa nyumba utakavyo. Ilibidi mbili zipandishwe juu ya paa, kwenye fremu ya chuma iliyopakwa rangi ya kuzuia kutu, pahala ambapo mtu wa njiani hazioni, na mabomba yaongezwe. Kazi hiyo ilitugharimu fedha nyingi kuliko kazi nyengine zote pamoja. Iliyobaki peke yake kiuani sasa inavuta hewa ya nyuzi 34 mchana, na haijakata. Ukiwa na nyumba ya aina hii na AC inayokata mchana tu, kabla ya kununua sakiti nenda na kipimajoto cha elfu chache ukaone mashine yako ya nje inavuta hewa gani.

Mengine yalikuwa mepesi. Chumba kimoja kilikuwa kinavujisha maji ukutani, bomba la maji limeziba kwa utelezi, akalipuliza na kuliwekea mteremko. Chumba kingine kompresa ilikuwa inanguruma bila ya kuwaka, na fundi mmoja alishatutajia bei ya kompresa nzima. Huyu akafungua mashine ya nje, akapima kapasita, kile kifaa kidogo kinachoisaidia kompresa kuwaka. Imeandikwa 35, mita inasoma 24, na kichwa chake kimevimba. Akaibadilisha kwa bei isiyofika hata sehemu ya kumi ya ile tuliyotajiwa. Hapo akapima na umeme wa usiku, wakati mtaa mzima umewasha kila kitu, akakuta volti 194 badala ya 230. Umeme mdogo unaifanya kompresa ivute ampea nyingi na kujichosha ikiwaka, na kapasita dhaifu inazidisha. Akashauri kifaa cha kuikata AC volti zikishuka na kuichelewesha kuwaka umeme unaporudi. Sisi tuliokuwepo wakati wa kile kiza cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika na Unguja nzima ikabaki na jenereta tu, hatuhitaji kushawishiwa juu ya kinga za umeme. Nimeviweka kwenye vyumba vyote.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni karatasi aliyotuachia. Ameichora kwa mkono, mistari tisa, mmoja kwa kila chumba, na safu za tarehe, hewa inayoingia, hewa inayotoka, tofauti na ampea. Kila mwezi msichana wetu anawasha AC kwenye nyuzi 16 na feni ya juu kwa robo saa, anasoma vipimajoto viwili, anaandika. Tofauti ikiwa kati ya 8 na 12, tunaendelea. Ikishuka chini ya 8, ampigie fundi. Ikizidi 14 na upepo ni mdogo, aangalie filta na feni ya ndani kwanza. Amesisitiza tuwashe kwa nyuzi 16, kwa kuwa AC hizi mpya zinazojipunguza mwendo zenyewe zikikaribia joto uliloliweka zinapunguza nguvu, na kipimo kinakudanganya. Muhimu ni kufananisha chumba na chumba chenyewe, mwezi huu na mwezi uliopita. Chumba namba nne kilishuka kutoka 11 hadi 9 kisha 8, mgeni hajalalamika bado, na tulipoangalia tukakuta mashine yake ya nje imejaa manyoya ya njiwa.

Shemeji yangu anafanya kazi kwenye hoteli kubwa ya kaskazini, na wao wana mfumo wa kompyuta unaosoma jengo zima: maji baridi yanatoka nyuzi ngapi, valvu imefunguka kiasi gani, chumba kina joto gani. Valvu ikiwa wazi yote na hewa haipoi, kompyuta inapiga kelele. Ni kitu kizuri, lakini anasema kelele ni nyingi mno, sensa moja ikiharibika inazua matatizo kumi ya uongo, na zamu ya usiku wamezoea kuzinyamazisha. Kwa nyumba ya vyumba tisa, karatasi na msichana mwenye macho makali inatosha, na naiamini zaidi.

Kasoro zake anazo. Akisema atakuja saa 3 asubuhi, muandalie chakula cha mchana. Anachukua muda: chumba cha juu kililala siku nzima bila mgeni, na katika msimu wa wageni hiyo ni hasara. Sakiti za AC mpya hatengenezi, anakuonesha kwamba ndiyo yenye kosa, kisha inabidi utafute mwengine. Hati yake mbaya, ripoti ya kwanza nilimrudishia aniandikie upya. Na hatoi dhamana ya maandishi, anatoa neno lake. Mimi neno lake nalikubali, lakini mwenye hoteli anayepaswa kupeleka makaratasi kwa wakaguzi wa hesabu atapata tabu.

Pia ana msimamo ambao wengine wanauona ukaidi. Tulikuwa na AC mbili kongwe za gesi ya R22. Moja ilikuwa inavuja kweli. Aliijaza nitrojeni, akapaka povu la sabuni, na mapovu yakajitokeza katikati ya mabomba ya mashine ya ndani, si kwenye nati ambapo pangekazwa. Shaba imeliwa. Nikamwambia, mwanangu, ijaze tu hadi msimu uishe. Akakataa kabisa. Gesi itatoka tena, na R22 ni katika zile zinazotoboa tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ya 1987 inazifuta kwa hatua, na kwa nchi kama zetu matumizi yake yalitakiwa yapunguzwe kwa asilimia 35 ifikapo 2020, asilimia 67.5 ifikapo 2025, na asilimia 97.5 ifikapo 2030. Kila mwaka itakuwa ghali na adimu zaidi. Nilikasirika siku ile. Leo namshukuru, kwa sababu alipokuja kupima chumba kwa ajili ya mashine mpya, aligundua jambo jengine.

Mashine ile kongwe ilikuwa ya BTU 18,000, na BTU ndiyo kipimo cha nguvu ya kupoza. Chumba ni chembamba kama vyumba vyote vya nyumba hizi, maana upana wake umeamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazoshika dari, kama mita 3. Kuta ni nene, dirisha ni moja. Mashine kubwa kiasi hicho inakipoza chumba kwa dakika chache kisha inajizima, na haipati muda wa kuukausha unyevu. Kipimo chake cha unyevu kilionesha asilimia 78 wakati joto ni nyuzi 23. Ndiyo sababu mashuka ya chumba kile yalikuwa na harufu hata yakitoka kupigwa pasi, na chokaa ilikuwa inabambuka nyuma ya kabati. Duka lilitaka kutuuzia 18,000 nyengine. Yeye akasema 12,000, na tukanunua ya 12,000 ya gesi ya R32. Ukiwa nayo hiyo R32, usimruhusu fundi achomelee bomba kabla hajaitoa gesi yote, kwa sababu inashika moto. Kwa mashine mpya unyevu unakaa kwenye 58 hadi 62, na kabati tumelirudisha ukutani baada ya kupaka chokaa upya.

Ukitaka fundi wa aina hii na huyu hujampata, muulize yeyote utakayempata maswali matatu kwenye simu: una kipimajoto cha kubana bomba, una mzani, na utaniandikia vipimo vya kabla na vya baada? Akicheka, tafuta mwengine. Na mwite wakati wa masika, Aprili au Mei, vyumba vikiwa vitupu. Kaskazi ikishaingia na wageni wamejaa, huyu wetu hapatikani hata kwa simu.